Betri ya New York na Hendeli ya Detroit: Historia ya Matunzo ya Motokaa

Katika mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda motokaa 4,192, na katika hizo 1,681 zilikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme uliowekwa akiba ndani ya betri, na 936 tu kwa petroli. Msomaji wa hesabu hiyo, asiyekuwa na ilimu ya ghaibu, asingelaumiwa lau angalikata shauri kwamba gari la petroli, lenye moshi na mtetemo na kelele, ndilo litakalotangulia kutoweka katika njia za miji. Miaka 20 baadaye mambo yalikuwa yamepinduka, na gari la umeme limebaki kuwa kitu cha mabibi matajiri, cha baadhi ya matabibu, na cha makampuni ya kupeleka mizigo mijini. Wanahistoria waliosimulia mapinduzi hayo wametaja ufupi wa masafa ya betri, wametaja bei, na wametaja mafuta yaliyobubujika pale Spindletop katika jimbo la Texas mwezi Januari 1901. Na sababu hizo zote ni za kweli, wala sina haja ya kuzikanusha. Lakini iko sababu nyingine ambayo aghalabu hutajwa kwa kupita tu, nayo kwa rai yangu yastahili kuchunguzwa kwa utulivu zaidi kuliko zote: ile kazi ya kila siku na kila mwezi ya kulifanya gari liendelee kwenda, nani aliyekuwa tayari kuifanya, mahali gani, na kwa ujira gani.

Gari la umeme la zama zile lilikuwa sahili kwa umbile lake. Mota yake ilikuwa na sehemu moja tu kubwa izungukayo. Haikuwa na valvu wala plagi, haikuwa na kabureta wala rejeta, wala dereva hakuhitaji kubadilisha gia, bali aliketi, akasukuma wenzo, na gari likaondoka kimyakimya. Matunzo ya mota hiyo yalikuwa kutia grisi au oili penye beringi kwa wakati wake, kuyatazama makaa yapelekayo umeme kwenye sehemu izungukayo yasije yakalika kupita kiasi, na kuipangusa ile pete ya shaba ambayo makaa hayo huisugua. Kazi hiyo yote aliiweza mtu mmoja kwa muda mfupi na nguo zake zisichafuke. Wenye viwanda waliponadi kwamba gari lao halina usumbufu, walisema kweli. Ila ukweli huo ulihusu nusu moja tu ya gari, na nusu ya pili, iliyokuwa nzito zaidi na ghali zaidi, ilikuwa betri.

Betri ya siku hizo ilikuwa ya risasi na asidi, uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, uliostawishwa na Mfaransa mwenziwe Camille Faure mwaka 1881. Katika kila seli yalipangwa mabamba ya risasi yaliyopakwa uji wa madini hayohayo, yakatenganishwa kwa vipande vyembamba vya mbao au mpira, yakazamishwa ndani ya asidi iliyochanganywa na maji. Na gari moja lilichukua seli 40 au zaidi, zikiwa zimefungwa katika sanduku ambalo uzito wake ulipita ratili 1,000. Fundi wa betri alipofika kazini asubuhi, jambo lake la kwanza lilikuwa kufungua vifuniko vya seli moja baada ya moja na kutazama kama maji yamefunika mabamba; palipopungua aliongeza maji yaliyokenekwa, kwa kuwa maji ya bomba yana chumvi na chuma vinavyoidhuru risasi. Kisha alichovya kipimo cha kioo chenye kuelea, akavuta asidi kidogo, akasoma uzito wake: ikiwa seli imejaa umeme kipimo kilikaribia 1.28, na ikiwa imekwisha kilishuka kuelekea 1.15, na seli moja iliyotofautiana na wenziwe ilikuwa dalili ya maradhi ambayo haifai kungojewa mpaka kesho. Aliandika hesabu hiyo katika daftari. Alipangusa asidi iliyotoka juu ya masanduku, akakwangua ukungu wa kijani kwenye viungo vya shaba, akavipaka grisi visiliwe tena.

Hayo yalikuwa ya kila siku au ya kila juma. Yaliyokuwa mazito zaidi yalikuja baada ya miezi, maana ule uji wa risasi, kwa kutikisika njiani na kwa kujazwa na kumalizwa umeme mara kwa mara, hubanduka chembe kwa chembe ukajikusanya chini ya seli kama tope jeusi. Na tope hilo likipanda hata kuyagusa mabamba, seli hupitisha umeme ndani kwa ndani na kufa. Kabla haijafika hapo betri ilibidi ifunguliwe, mabamba yatolewe, seli zioshwe, vipande vya mbao vilivyooza vitiwe vipya, asidi ibadilishwe, na viungo viunganishwe upya kwa risasi iliyoyeyushwa kwa mwali wa gesi, kazi ambayo yataka mkono uliofunzwa, kwani nukta moja ya kuzidisha moto hutoboa kile ulichokusudia kukiunga. Na juu ya yote palikuwapo sharti ambalo halikusamehe kosa: betri ikiachwa tupu kwa siku kadhaa, mabamba hutanda gamba jeupe gumu lisilotoka kwa urahisi, ikijazwa kupita kiasi, mabamba hujipinda na kubanduka uji. Betri haikulalamika kwa sauti. Haikutoa moshi, haikugonga, haikusimama ghafula njiani. Ilipunguza masafa yake maili moja juma hili na maili moja juma lijalo, mpaka mwenye gari akatanabahi kwamba ameuziwa gari la maili 40 ambalo halimfikishi maili 25.

Watu walioufahamu ukweli huo mapema kuliko wengine walikuwa Henry Morris na Pedro Salom wa Philadelphia, waliounda gari lao la kwanza la umeme mwaka 1894, na mwaka 1897 wakaanza kuendesha teksi za umeme katika mji wa New York. Hawakuuza magari hayo kwa mtu yeyote. Waliyakodisha pamoja na dereva, na kila jioni yakarudi kwenye kituo kimoja chenye mafundi wake. Isaac Rice, aliyekuwa na mkono katika biashara ya betri, aliichukua kampuni hiyo mwaka huohuo wa 1897 na kuipa jina la Electric Vehicle Company. Na mhandisi George Condict akajenga katika njia ya Broadway kituo ambacho hata leo, mtu akisoma sifa zake, hukosa budi kukistaajabia. Teksi iliingia, ikasukumwa kwa mitambo ya nguvu za maji mpaka ikakaa sawasawa mahali pake, sanduku la betri lililochoka likavutwa nje kwa nyuma, winchi ikaleta lililojaa, na baada ya dakika chache teksi imo njiani tena. Betri iliyotolewa ilipelekwa chumba cha kuchajia, ambako watu wa kazi hiyo moja waliipima, wakaitia maji, wakaitenga ikiwa mgonjwa. Dereva hakuigusa, abiria hakujua kwamba ipo.

Mpango huo ulistahili kufanikiwa, na kwa muda ulikwenda vema. Mwaka 1899 matajiri wakiongozwa na William C. Whitney walitia mtaji mkubwa, wakakusudia kueneza maelfu ya teksi katika miji mikubwa ya Marekani. Nao wakafungua makampuni huko Boston, Chicago na kwingineko. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kituo cha Broadway hakikuwa majengo na mitambo peke yake. Mitambo iliweza kununuliwa na kupelekwa Chicago kwa reli. Mazoea ya mafundi hayakununuliwa. Penye mafundi wasiofunzwa na madereva wasioangaliwa, betri ziliendeshwa mpaka zikakauka umeme kabisa, zikaachwa tupu, zikajazwa kwa pupa, na mabamba yaliyotazamiwa kudumu yakabomoka kabla ya wakati. Gharama za kuyabadilisha zikala nauli yote. Kufika 1901 shughuli za Boston na Chicago zilikuwa zimefungwa, na mwaka 1907 kampuni mama nayo ikafilisika, ingawa kufilisika kwake kulichanganyika na mambo mengine ya hisa na hataza ambayo si maudhui yetu.

London ilikuwa imekwisha kuonja machungu hayohayo. Teksi za Walter Bersey, zilizozinduliwa mwezi Agosti 1897 na kupewa na watu jina la ndege mvumaji kwa sababu ya mlio wao, zilibeba betri zilizokuwa zikibadilishwa kwa lifti ya nguvu za maji kwenye kituo cha Juxon Street, Lambeth. Uzito wa kila teksi ulikuwa kiasi cha tani 2, na uzito huo ulizitafuna tairi za mpira, na mtetemo wa mawe ya barabara ukaharibu mabamba ya betri. Mvumo wa mitambo uliokuwa mzuri mwezi wa kwanza ukageuka kelele baada ya miezi 6 ya kuchakaa, na mwaka 1899 kampuni ikafungwa. Mabasi ya umeme yaliyoanza kwenda kati ya Victoria na Liverpool Street mwezi Julai 1907 yalifaulu zaidi, kwani betri yao ya tani 1 na nusu ilitolewa na kutiwa nyingine katika muda wa dakika 3, na abiria waliyapenda kwa usafi na utulivu wake. Lakini waanzilishi wake walikuwa wadanganyifu wa fedha, na yalikufa mapema mwaka 1910 kwa khiana ya wenye kampuni, si kwa kosa la fundi. Nasikitika kila niwazapo habari hiyo, kwa kuwa ulikuwa ushahidi mzuri uliotupwa: baadhi ya mabasi hayo yaliuzwa Brighton na huko yakaendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa.

Sasa na tulitazame gari la petroli, tukichagua lile lililoshinda yote, Ford Model T la Detroit, lililotoka mwaka 1908 na kuendelea kuundwa hata 1927, idadi yake ikipita milioni 15. Haiwezekani mtu mwenye insafu kudai kwamba gari hilo lilihitaji matunzo kidogo. Asubuhi mwenyewe alilala kifudifudi chini ya gari na kufungua bilula mbili ndogo zilizokuwa nyuma ya injini, moja juu na moja chini: oili ikitoka ya chini tu mambo ni sawa, isipotoka kokote injini i hatarini. Alizungusha vikombe vya grisi kimoja kimoja, vya springi, vya magurudumu, vya usukani. Alitia oili kwenye taima iliyogawa cheche kwa silinda 4, maana ikikauka cheche hupotea. Petroli ilishuka kwa uzito wake yenyewe kutoka tangi lililokuwa chini ya kiti, hata mlima ulipokuwa mkali na petroli ikiwa kidogo madereva walilazimika kuupanda kinyumenyume ili tangi liwe juu ya kabureta. Mikanda mitatu ya ndani ya gia ililegea ikahitaji kukazwa. Baada ya maili elfu kadhaa kichwa cha silinda kilifunguliwa, masizi yakakwanguliwa juu ya pistoni, na valvu zikasagwa kwa mkono na uji wa msasa mpaka zikakaa tena bila kuvuja. Wakati wa baridi maji ya rejeta yalimwagwa kila usiku au yakachanganywa na spiriti, yasije yakaganda na kupasua chuma.

Na ilikuwapo hendeli. Dereva alisimama mbele ya gari, akiwa amekwisha kuhakikisha kwamba wenzo wa cheche, upande wa kushoto wa usukani, umepandishwa juu ili cheche ichelewe. Akavuta waya wa kuzibia hewa ya kabureta. Akakamata hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba akikiweka upande mmoja na vidole vingine, wala asiizungushie, kisha akaivuta kwa nguvu kutoka chini kwenda juu. Aliyesahau ule wenzo alijikuta hendeli ikimrudia kwa kishindo, na mikono mingi ilivunjika hivyo.

Ukiziweka hesabu hizi mbili upande kwa upande, kazi ya gari la petroli ni nyingi zaidi, chafu zaidi na ya hatari zaidi; na bado ndilo lililochaguliwa. Yafaa tuulize kwa nini, na jibu lake liko katika namna ya kazi yenyewe kuliko katika wingi wake. Maradhi ya gari la petroli yalikuwa mengi, lakini kila moja lilikuwa dogo, lilijitangaza kwa sauti au harufu, na liliponywa papo hapo kwa spana, bisibisi, kipande cha waya na subira. Plagi ikichafuka ilifunguliwa ikasuguliwa. Kabureta ikiziba ilipulizwa. Tairi ikitoboka ilizibwa kando ya njia. Gari la umeme lilikuwa kama ng'ombe wa maziwa wa aina bora, anayetoa maziwa mengi na hana matata, ila mtu akikosa kumkamua kwa siku mbili huugua kiwele. Na la petroli lilikuwa kama mbuzi, msumbufu, mla kila kitu, asiyekufa kwa kusahauliwa. Mkulima wa Iowa au Kansas, aliyekuwa amekwisha kuzoea kutengeneza mashine ya kuvunia kwa mikono yake, hakuogopa kazi ya spana. Alichokiogopa ni kitu asichoweza kukifungua, kinachohitaji umeme ambao nyumbani kwake haukufika, na kinachopungua thamani kimyakimya hata siku ambayo hakukitumia.

Fauka ya hayo, gharama ya petroli ilikuja kwa vipande vidogo: leo plagi, mwezi ujao gasketi, baadaye tairi. Gharama ya umeme ilikuwa ndogo kwa muda mrefu, kisha siku moja ikaja yote kwa pamoja, kununua mabamba mapya ya betri nzima. Watu wa kipato cha wastani wameweza sikuzote kustahimili matone mengi kuliko mafuriko ya mara moja, na bei ya kununulia ilizidisha tofauti hiyo: mwaka 1912 gari dogo la umeme liliuzwa kwa dola 1,750, ilhali la petroli lilipatikana kwa dola 650.

Mwaka huohuo wa 1912 ulileta jambo ambalo wengi huliita pigo la mwisho kwa gari la umeme, nalo ni mota ya kuwashia injini, iliyobuniwa na Charles Kettering wa Dayton na kutiwa katika magari ya Cadillac. Hendeli ilianza kuwa ya akiba. Lakini mazingatio ya matunzo yanatuonyesha upande mwingine wa habari hiyo. Ili mota hiyo ifanye kazi, gari la petroli lilibidi libebe betri ya risasi na asidi, nalo likarithi pamoja nayo maji yaliyokenekwa, kipimo cha kioo, ukungu wa kijani kwenye viungo na gamba jeupe juu ya mabamba. Maduka ya betri yalifunguliwa katika kila mji wa Marekani, na ujuzi ule uliokosekana Chicago mwaka 1900 ukaenea mahali pote, umeenezwa na gari la petroli lenyewe. Lau ujuzi huo ungalitangulia kwa miaka 10, huenda habari ya Electric Vehicle Company ingaliandikwa kwa wino mwingine. Ila betri ya kuwashia ni ndogo, ikifa hununuliwa nyingine kwa bei ya kuvumilika, na gari laweza kusukumwa.

Hata hivyo gari la umeme halikufa mara hiyo. Kiwanda cha Anderson cha Detroit kiliunda magari ya Detroit Electric tangu 1907, na miongoni mwa walioyaendesha alikuwamo Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliyekuwa na gari la mwaka 1914. Katika nyumba za namna hiyo chombo cha kuchajia kiliwekwa ndani ya banda la gari, kikiwa na tufe kubwa la kioo lenye zebaki iliyowaka kwa mwanga wa buluu wakati wa kugeuza umeme wa mji uwe wa kufaa betri. Bibi wa nyumba alichomeka waya jioni na asubuhi akalikuta gari tayari. Aliyekosa banda alilipa ada ya mwezi kwa gereji ya umeme, ambayo ilililaza gari, ikalichaji, ikaliosha, ikalitia betri maji, kisha ikamletea mlangoni. Wakati huo Thomas Edison, baada ya betri yake ya kwanza ya nikeli na chuma kuvuja na kuondolewa sokoni mwaka 1904, alirudi baada ya miaka 5 na betri iliyokuwa imara ajabu: ndani ya mkebe wa chuma, yenye magadi makali badala ya asidi, isiyodhurika kwa kuachwa tupu wala kwa kutikiswa. Ilitaka maji tu. Mwaka 1910 gari la Detroit Electric lenye betri hiyo lilikwenda maili 211 kwa chaji moja katika majaribio. Kwa bahati mbaya ilikuwa ghali kuliko ya risasi na nguvu zake zilipungua katika baridi, na ilipowasili soko la gari la familia lilikuwa limekwisha kutwaliwa.

Katika historia hii yote hakuna sura inayonivutia kuliko ile ya Hartford, mji mkuu wa jimbo la Connecticut, na yanihuzunisha kwamba inajulikana na wachache. Kampuni ya umeme ya mji huo, Hartford Electric Light, ilitambua kwamba mfanyabiashara haogopi gari la umeme bali aogopa betri yake. Basi ikamtenga na hofu hiyo. Mteja alinunua lori bila betri. Betri ilibaki kuwa mali ya kampuni, nayo ikawa na dhamana ya kuichaji, kuiosha, kuitia mabamba mapya, na kumbadilishia mteja iliyochoka kwa iliyojaa kila alipofika kituoni; yeye akalipa ada ya kila mwezi ya matunzo ya gari na malipo kwa kila maili aliyokwenda. Mpango huo uliendelea tangu 1910 mpaka 1924, na magari yaliyokuwamo yalikwenda jumla ya maili zaidi ya milioni 6. Gharama ile iliyokuwa ikimjia mtu mmoja kama mafuriko iligawanywa kwa maili na kwa wateja, na ujuzi uliokuwa haba ukawekwa chini ya dari moja pamoja na watu wenye maslahi ya kuona betri inaishi miaka mingi, kwa sababu ikifa hasara ni yao. Madereva wa malori ya mikate na bia na makaa walikwenda njia ileile kila siku, wakasimama mlango hata mlango, wakarudi jioni. Na kwa kazi ya namna hiyo injini ya petroli, inayowashwa na kuzimwa mara mia kwa siku, huchakaa haraka, ilhali mota ya umeme haijali.

Uingereza ilithibitisha jambo hilo kwa muda mrefu zaidi. Magari ya umeme ya kupelekea maziwa alfajiri, yaliyoenea kabla ya vita kuu ya pili na kuzidi baada yake, yalifikia makumi ya maelfu, hata katika miaka ya 1960 nchi hiyo ikawa na magari ya betri mengi kuliko nchi yoyote duniani. Yalidumu miongo, kwa sababu kila gari lilirudi kwenye kituo cha maziwa ambako palikuwa na mtu wa kuchomeka waya na mtu wa kutia maji.

Betri za lithiamu za siku hizi zimeibadilisha hesabu hii kwa namna ambayo Condict asingeiota. Seli zimezibwa daima. Hakuna maji ya kuongeza wala asidi ya kupima. Na yule fundi wa asubuhi mwenye daftari amegeuzwa kuwa kompyuta ndogo ndani ya sanduku la betri, inayopima kila kundi la seli, inayozuia kuzidisha chaji, inayokataa kumaliza umeme wote, inayopoza na kupasha joto. Ndiyo sababu maabara ya Argonne ya Marekani mwaka 2021 ilikadiria kwamba matunzo ya gari la umeme hugharimu senti 6.1 kwa maili, na ya gari la petroli senti 10.1. Oili ya injini, plagi, mikanda, ekzosi vimeondoka. Breki hudumu zaidi kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo. Zimebaki tairi, ambazo uzito wa gari huzila kama ulivyozila za Bersey, na maji ya kupoza, na springi, na betri ndogo ya volti 12. Lakini mafuriko yangali yapo, yamesogezwa mbele tu kwa miaka mingi: siku sanduku kubwa litakapochoka.

Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wake, maana nguvu ya gari la petroli katika nchi zetu haikutokana kamwe na uimara wake. Ilitokana na mafundi wa mitaa ya gereji na vipuri kama Gerezani, Grogan na Kisekka, walioweza kulifufua gari la miaka 25 kwa vipuri vya magari mengine matatu. Ujuzi huo umeenea katika mikono mingi sana, na ndio hasa ulioshinda Marekani miaka 100 iliyopita. Katika gari la umeme la leo fundi huyo atayakuta mambo yake mengi ya kawaida, breki na springi na beringi, na atalikuta sanduku moja lenye volti 400 ambalo kulifungua bila mafunzo ni kuchezea mauti.

Nami naona si sadfa kwamba walioanza kufanikiwa hapa wamefuata njia ya Hartford, wawe wameisoma habari yake au hawakuisoma. Huko Kigali, tangu 2019, waendesha pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand hawanunui betri. Hufika kituoni, hutoa iliyokwisha, hupachika iliyojaa, na kulipia nguvu walizozitumia. Nairobi, tangu 2022, kampuni ya BasiGo imewapa wenye matatu basi la umeme ambalo betri yake hulipiwa kwa kila kilomita, na malipo hayo hujumuisha chaji na matengenezo. Mwenye basi ajua leo atalipa kiasi gani kwa safari ya leo, kama alivyojua mwenye lori la mikate la Connecticut mwaka 1915. Na wakati betri itakapochoka, deni la kuibadilisha liko kwa aliyeutengeneza mkataba, ambaye itambidi awe na mafundi wake, vipimo vyake na daftari lake, na awe na fedha ya kudumu nayo muda mrefu kuliko ile miaka 14 ya Hartford.